Tupeane uzoefu: Mji wa Kale Lamu, punda aliyebeba apishwe na bodaboda?

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nakarabati nyumba ya marehemu bibi kule Mkomani, kwenye vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. Mchanga, chokaa, boriti, vyote vyaja kwa punda. Ndiye teksi yetu na lori letu tangu enzi za mababu, na UNESCO ilipouingiza mji huu kwenye turathi za dunia mwaka 2001, iliuingiza na vichochoro vyake.

Mwezi uliopita punda watatu walikuwa wakipanda kutoka pwani, shogi, yale makapu ya mizigo mgongoni, zimejaa. Kijana yuko nyuma anaita, "Simile! Simile!", yaani tupisheni. Wanakata Usita wa Mui, njia kuu ya mji, mara pikipiki ikatokea upande wa Langoni, honi haikatiki. Punda wa mbele akaruka, shogi ikapinduka, mchanga ukamwagika mlangoni kwa watu, na mguu wa nyuma ukachanika kwenye ukingo wa baraza. Nilimshika kichwa huku kijana akimwosha kidonda kwa maji ya chumvi. Masikio yalikuwa yakitetemeka mkononi mwangu. Mwenye pikipiki alisema tu mteja wake anachelewa boti, akaenda zake.

Kaunti imewahi kupiga marufuku bodaboda ndani ya Mji wa Kale, lakini marufuku isiyo na msimamizi haimpishi punda. Rai yangu ni kwamba aliyebeba mzigo, asiyeweza kusimama ghafla, ndiye apishwe, na awe na haki hiyo kisheria. Nileteeni yaliyowakuta nyinyi wenyewe.

Wa Wiyoni: Pole sana kaka. Mimi ni mtu wa boda, na sitamtetea huyo. Ila nisikilizeni na mimi. Saa nane za usiku niliamshwa na jirani, mkewe ameshikwa na uchungu. Tulimpandisha katikati, mama mkwe nyuma amemkumbatia, nikaenda mwendo wa mtu anayetembea, naogopa kila jiwe. Tulifika hospitali, na kabla ya adhana ya alfajiri mtoto alikuwa amezaliwa. Kwa punda tungefika saa ngapi? Mkitunga sheria msiufunge usiku. Mchana ni kweli tunavuka mpaka: kijana mzima mwenye begi moja hana haja ya kufikishwa na pikipiki hadi mlangoni.

Mwanamui aliyerudi: Niliishi London miaka sita. Kule teksi nyeusi zinaruhusiwa kupita njia nyingi za mabasi, magari ya kukodi ya kuagizwa hayaruhusiwi. Wenye magari hayo walilalamika, kesi ikafika hadi Mahakama ya Haki ya Ulaya, na mwaka 2015 majaji hawakuona kosa katika kuzitofautisha. Sababu niliielewa mamangu alipokuja kututembelea, miguu haimbebi. Dereva alishuka mvua ikinyesha, akatoa ubao wa kupandishia kiti cha magurudumu, akamfunga mkanda bila kuombwa. Teksi zile zote lazima zipokee kiti hicho, na dereva hapewi leseni mpaka asome kichwani mitaa ipatayo 25,000. Pendeleo lao lina deni nyuma yake. Wenye punda wetu wako tayari kudaiwa?

Mwenye punda, Langoni: Swali hilo limenichoma, na ni haki linichome. Nina punda wanne. Mwaka mmoja baada ya mvua nilibeba mchanga mbichi kwa kipimo kile kile cha mchanga mkavu, nikijua fika mbichi ni mzito zaidi. Jike langu likatoka kidonda mgongoni, chini ya shogi, upana wa kiganja. Nikampeleka zahanati ya punda pale pwani, ile iliyofunguliwa 1987. Walimsafisha, wakaniambia asibebe chochote mpaka ngozi ifunge. Wiki tatu alisimama uani ananitazama nikitoka na wenzake. Basi mimi nakubali deni: punda mwenye kidonda asionekane njiani na mzigo, na anayejaza kupita kiasi asidai kupishwa na mtu. Lakini nikibeba kwa insafu na nikiita simile, nipishwe. Mkokoteni wa hamali nao uhesabiwe, maana yule anasukuma kwa kifua chake.

Wa Malindi: Huku kwetu mji una barabara pana, tuktuk na teksi zenye mstari wa manjano zinagombania abiria wale wale. Sioni kwa nini mmoja apewe njia zaidi ya mwenzake. Lamu ni mambo mengine.

Mwenye uzi: Ndugu wa Wiyoni, umenishinda. Mgonjwa na mja mzito wapite saa yoyote, hata kwangu mlangoni, na punda ndio wangoje. Ami wa Langoni, yule punda wangu wa mchanga ameanza kukanyaga vizuri, jana alikula pumba zote. Nimemwambia kijana tujaze shogi nusu mpaka kazi iishe, hata kama safari zitakuwa mara mbili. Bado hatujapata kisa cha mtu wa Shela, na huko punda wanapanda mchangani. Karibuni.