Gemu tamu hivi mnaliwekeaje sevu MOJA tu?? Nimechoka jamani

Wakuu, nina hasira na sitaki kujifanya nimetulia. Masaa 26. Nimecheza hili gemu la shujaa mwenye mabawa masaa 26, na jina silitaji maana nikilitaja uzi utageuka kuwa wa mashabiki na wapinzani, waliolicheza watalijua wenyewe kwa haya nitakayosema. Saa hizi ninavyoandika shujaa wangu amekwama kwenye maabara chini ya ardhi, damu imebaki kama uzi, na hatoki.

Iko hivi. Sura ya 9 unaingia maabara, milango inajifunga, yanakuja mawimbi matatu ya askari wa kukodi. Wimbi la tatu lina jamaa wawili wa bazuka wamekaa juu kwenye roshani. Nilikuwa nimeshapigwa sana, mstari wa damu mwekundu unapepesa, nikaruka nikamshusha wa kwanza, kugeuka yule wa pili ameshafyatua. Kombora liko hewani. Na sekunde hiyohiyo, nasema hiyohiyo, kwenye kona ya chini kulia kikaanza kuzunguka kile kialama cha kusevu, yaani gemu linahifadhi pale ulipofikia. Gemu limejisevu lenyewe kombora likiwa hatua mbili kutoka usoni kwangu. Nikafa. Likapakia, skrini ikawaka, kombora hilo hapo, nikafa. Likapakia tena. Nasubiri sekunde 18 lipakie ili niishi sekunde moja. Nimehesabu mpaka mara ya 31 nikaweka pedi chini nikatoka nje kutembea maana nilijijua.

Mtu ataniambia rudi kwenye sevu ya nyuma. Ipi? Hakuna! Sloti, yaani nafasi ya kuweka sevu, ni moja, gemu linaandika juu ya ileile kila linapojisikia na mchezaji huulizwi. Yaani kadi ya kumbukumbu ya PlayStation ya kwanza, kidude cha KB 128, ilikuwa na bloku 15 na watu tulikuwa tunasevu sehemu mbilimbili kwa tahadhari, leo gemu linakula makumi ya GB kwenye diski halafu linanyimwa nafasi ya sevu ya pili? Na dawa zake zinajulikana miaka yote. Usisevu mtu akiwa katikati ya mapigano, subiri adui wa mwisho aanguke. Au ukipakia mpe mchezaji sekunde tatu za kutodhurika. Au tunza sevu tatu za mwisho ukifuta ile ya zamani kuliko zote. Na zaidi ya yote andika faili jipya pembeni kwanza, likishakamilika ndo ufute la zamani, maana ukiandika juu ya lile moja halafu umeme ukakatika katikati faili linaharibika na mtu anaanza upya kutoka sura ya kwanza. Haya mambo yalishatatuliwa kitambo, hapa ni mtu tu kaamua hayamhusu.

Sasa kinachoniuma, na ndo sababu nimefungua uzi badala ya kufuta gemu nikalala, ni kwamba hili gemu ni TAMU. Lingekuwa baya nisingekuwa na masaa 26 ndani yake. Hivi mmeshapanda ule mnara wa matangazo katikati ya mji mkajiachia? Unasimama ukingoni, unabonyeza kuruka, unakunja mabawa kwa kushikilia kitufe cha nyuma, na sauti zote za mji zinapotea unabaki upepo tu, pedi inaanza kutetemeka taratibu kwenye viganja halafu inazidi, madirisha yanapita kama mistari, unaziona taa za magari zinakuja, na pale unapohisi umechelewa ndo unaachia. Mabawa yanafunguka na ule mwendo wote ulioukusanya kwenye kuanguka unageuka kuwa wa kupanda, unapaa mpaka usawa wa mnara ulikotoka. Hakuna mita ya kuisha, hakuna nguvu ya kusubiri ijae, ni hesabu yako tu, umeanguka kiasi gani na umeachia lini. Ukichelewa nusu sekunde unajibamiza barabarani, ukiwahi unapaa nusu. Mi nilijifunza siku mbili mpaka vidole vikajua vyenyewe. Aliyetengeneza hii sehemu nampigia saluti na nasema kwa moyo wote, sijashika kitu kama hiki tangu Spider-Man 2 ya 2004 ambayo utando ulikuwa lazima ushike jengo kweli, ndo maana kubembea kwake kulikuwa na uzito, na watu mpaka leo wanaisimulia kwa kubembea wakati zile misheni za kumfukuzia mtoto puto lake waliziona kero.

Kwahiyo gemu linajua kurusha mtu. Na kila dakika kumi linamshusha! Misheni kubwa karibu zote ziko NDANI. Maabara, mifereji ya maji taka, gereji, handaki la treni. Shujaa ana mabawa ya upana wa basi mnampeleka kwenye korido! Na akifika humo anatembea, wala hakimbii, anatembea huku kashika sikio anaongea na yule dada wa kwenye redio, dakika nne nasukuma kijiti mbele nasikiliza maelezo ambayo ningeweza kuyasikiliza huku naruka. Halafu sura ya 6 wanakunyang'anya mabawa kabisa, eti yameharibika, masaa mawili unajificha nyuma ya masanduku. Nilinunua kuruka, sikununua masanduku.

Ngumi pia. Msingi wake mzuri, ni ule mtindo uliopata umaarufu na Batman: Arkham Asylum mwaka 2009, kitufe cha kupiga, kitufe cha kuzuia, alama inatokea juu ya kichwa cha adui anayetaka kukupiga, ukizuia kwa wakati kombo, yaani mfululizo wa mapigo yako, inaendelea na unahisi kama unacheza ngoma. Uwanjani pakiwa wazi linatiririka vizuri sana, nimewahi kufika kombo ya 84 bila kuguswa na nilisimama kwenye kiti. Ila chumbani kamera inagonga ukuta, haina pa kwenda, inamsogelea shujaa mpaka skrini nzima inajaa manyoya ya bawa la kushoto, na yule mwenye alama kichwani yuko nyuma ya hayo manyoya. Unazuiaje usichokiona? Hapohapo wakiingia maadui kumi na kitu gemu linaanza kukwama, fremu, yaani picha kwa sekunde, zinashuka kutoka 60 mpaka nahisi 30 au chini ya hapo. Kwa fremu 60 kila picha inakaa kama milisekunde 17, kwa 30 inakaa kama 33, na mchezo wote wa kuzuia unategemea muda mfupi, kwahiyo unabonyeza kwa mazoea yaleyale na unapigwa kwa kosa ambalo si lako.

Na levo za maadui, zile namba za nguvu zao, hapa naomba mtu anieleze polepole. Shujaa huyuhuyu kwenye filamu fupi ya kufungua gemu ananyanyua lori analirusha ng'ambo ya mto. Nikamaliza filamu nikamkuta kibaka na fimbo, juu yake pameandikwa 24, mi ni 19. Nikampiga ngumi arobaini. Kibaka! Na fimbo! Kwanini? Kwa sababu wanataka nikakusanye glavu za kuongeza asilimia mbili ya madhara, halafu glavu nyingine za asilimia tatu, nafungua menyu kila baada ya pambano kulinganisha tarakimu kama karani. Gemu la Hulk: Ultimate Destruction la 2005 lilimpa mchezaji gari akalichana vipande viwili akavivaa mikononi kama glavu za chuma, na hukuhitaji kusoma asilimia yoyote kujua umeongezeka nguvu. Ulikuwa unaona.

Kuna jambo dogo nalitaja kwa haki. Zile misheni za pembeni za kupita kwenye pete hewani, najua wengi mkisikia pete mnakumbuka Superman ya Nintendo 64 ya mwaka 1999 na maumivu yake, ila humu nimezipenda kweli, kwa sababu kuruka kwenyewe ni kuzuri pete zinakufundisha kona ambazo usingezijua. Nimemaliza zote. Maana yake watengenezaji WANAJUA nguvu ya gemu lao iko wapi, wameiweka pembeni kama zawadi ya hiari, na njia kuu wakaijaza korido. Hapo ndo hasira yangu ilipo wakuu, wala si kombora peke yake.

Kama kuna mtu alikwama hapo sura ya 9 akatoka naomba njia. Nimeshajaribu kupunguza ugumu wa gemu, kombora linaua vilevile. Nimejaribu kusimamisha gemu mara skrini inapowaka, napata muda wa kuliangalia tu. Na usiniambie anza upya, tafadhali, sina roho ya kuupita tena ule mfereji.

NYONGEZA: Mkuu mmoja hapo chini kaniambia nishikilie kitufe cha kukwepa na kijiti kushoto wakati bado linapakia, kabla skrini haijawaka, gemu linalisoma kwenye fremu ya kwanza kabisa. Ahsante sana mkuu, nimejaribu. Mara ya nne shujaa akajitupa kushoto, kombora likapita likapasua tangi la kioo nyuma yangu, nikamfuata yule jamaa roshani nikamaliza kazi mikono ikitetemeka. Kialama cha kusevu kikazunguka na safari hii nilikitazama mpaka kikaisha.

Milango ikafunguka, nikapanda ngazi, nikatoka nje kumepambazuka juu ya mji. Bosi wa sura ya 9 ananisubiri na dada wa redio ananihimiza sikioni, mi nimepanda mnara wa matangazo nimejiachia, nimepaa, nimerudia, nusu saa nzima sijagusa misheni. Sloti ya pili bado nawadai.