Tupeane uzoefu: mtoto wako alianza lini kuyavuta maneno panapostahili?

Mama Riziki, Kadutu, hapa Bukavu
Wazazi wenzangu, naanza na neno sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Mwanangu alipokuwa na miaka miwili, kila nikikaanga jioni alisimama kando ya mbabula, jiko la makaa, na kuomba: "Mama, baza." Baadaye ikawa "sa-ba-za", silabi zote zimelingana. Juzi, ana miaka mitatu na nusu, akanyoosha mkono: "Sambaaaza!" Niliacha mafuta yakichemka nikamkumbatia. Silabi ya pili kutoka mwisho ndiyo tunayoivuta sote, naye hakufundishwa na mtu. Na ile *mb* ina kazi yake: midomo inafunga, sauti inapita puani, halafu mlango wa pua unafungwa kabla midomo haijaachia. Kwenu ilikuwaje?

Papa Amani, Bagira
Wangu alisema "nataka kubata mpira", yaani kupata. Nilimkaripia, na hadi leo najuta. Mama Riziki, weka kidole kooni useme *bata*, kisha *pata*. Kwenye *b* koo linatetemeka mapema. Kwenye *p* midomo inafunguka kwanza, mtetemo unafuata. Tofauti yake ni sehemu ndogo tu ya sekunde! Nilimdai mtoto wa miaka miwili apatanishe koo na midomo kwa muda huo.

Mwalimu wa maternelle (chekechea), Ibanda
Papa Amani, usijilaumu sana. Darasani mtoto mmoja hulisema neno lile lile mara tano, na kila mara urefu wake ni mwingine. Hata wa shule ya msingi bado huongea polepole kuliko sisi. Kutulia kama mtu mzima hukaribia miaka 12. Wangu wanatoka nyumbani na Mashi, lugha ya Bashi, njiani Kiswahili, kwangu Kifaransa, ambacho huvuta mwisho. Basi asubuhi nasalimiwa "bonjuuuru". Tunapiga makofi kwa kila silabi, tunaimba, nasubiri.

Mama Faida, Panzi
Binti yangu alianza kigugumizi akiwa na miaka mitatu: "ni-ni-ni-nipe maji". Mama mkwe alimwambia kila mara "vuta pumzi, anza upya", akazidi kukwama. Tukakubaliana nyumba nzima tumtazame na kungoja amalize. Miezi mitano, kikaisha. Ila mtoto wa kaka yangu ana miaka saba na kigugumizi kipo bado. Anasukuma neno mpaka mishipa ya shingo inasimama, na sasa shuleni hanyooshi mkono. Kuna aliyepata mtaalamu wa usemi hapa Bukavu?