Husky wa nyumbani anakimbia spidi gani kweli, na anaweza kumvuta mtu mzima?

mwana_duluth (Minnesota, Marekani)

Wakuu habari za majukumu. Nipo Minnesota upande wa Duluth, huku baridi ikishaingia haina mchezo. Nina husky wa Siberia dume, miaka miwili na kidogo, kilo 24, anaitwa Simba. Mbwa mzuri sana, watoto wanampenda, ila zile nguvu zake hazina pa kwenda, nikitoka naye kutembea anavuta kamba kuanzia mlangoni mpaka tunarudi na bega langu linajua.

Sasa jirani yangu mmoja mzee ananiambia mbwa huyu anakimbia kilomita 45 kwa saa na eti nikimfunga kwenye baiskeli au kwenye sleji ya watoto (kile kigari cha kuteleza kwenye theluji) atatuvuta mtaa mzima bila kuchoka. Nimeingia mtandaoni kila mtu ana namba yake, mmoja 45, mwingine 30, mwingine 15, wengine wanataja mbio za Alaska ambako mbwa wanakwenda maili elfu moja. Naomba wenye uzoefu wanisaidie, spidi yake halisi ni ipi, anaweza kuvuta uzito gani, na je huyu aliyezaliwa akakulia sebuleni bado anayo hiyo kitu au ni ya mbwa wa mashindano tu? Kwa kweli nataka nimpe kazi ya kufanya manake namuona anateseka kukaa ndani.

kambi_ya_mbwa (Tromsø, Norway)

Mkuu umeuliza swali ninalolipenda, mbwa hawa ndio kazi yangu, nipo kwenye kambi huku kaskazini mwa Norway tunabeba watalii msimu wote wa baridi.

Hizo namba ulizosoma zote zinaweza kuwa za kweli, tatizo wanaozitaja hawasemi ni kwa umbali gani na kama mbwa alikuwa na mzigo au hana. Ile 45 ipo, lakini hiyo ni husky mwenye afya, amefunguliwa, hana kitu mgongoni wala nyuma, anamfukuza sungura, na inadumu muda mfupi sana halafu anashuka mwenyewe. Bolt alipoweka 9.58 Berlin mwaka 2009 kuna kipande cha zile mita mia aligusa karibu 45, kwa hiyo yeye na Simba wangekuwa bega kwa bega, na greyhound angewaacha wote wawili mbali maana yule anafika 70. Ukitafuta spidi ya kufyatuka, husky hayupo hata karibu na mbele.

Uzuri wake uko kwingine kabisa. Wachukchi kule Siberia mashariki waliomtunza mbwa huyu walihitaji mbwa mdogo asiyekula sana, avute mzigo mwepesi kutwa nzima juu ya barafu, alale nje, na asubuhi aamke anataka tena. Chama cha mbwa cha Marekani, AKC, kilimtambua mwaka 1930 na mpaka leo kwenye sifa zake rasmi wameandika hivyo hivyo, mzigo mwepesi, mwendo wa wastani, masafa marefu. Yaani mbwa wako ni mbwa wa mchakamchaka. Ukimwona aliyezoea yuko kwenye mikanda ya kuvutia utaelewa: mgongo umenyooka kabisa, kichwa kimeshuka kidogo, mkia umelala, kamba imekaza haina hata wimbi moja, na miguu inapiga kwa mpigo uleule kama mtu anashona cherehani. Hapo anakwenda kilomita 13 mpaka 16 kwa saa, na aliyefunzwa anakaa kwenye mwendo huo kwa saa nyingi. Akipanda shoti anaingia 25, 30, lakini wa nyumbani asiye na mazoezi hizo ni za dakika chache tu.

Nikupe mfano wa zamani. Hawa mbwa walipopelekwa Nome, Alaska, mwaka 1908 watu waliwadharau kwa udogo wao, wakawaita panya wa Siberia. Mwaka 1910 John Johnson akashinda nao mbio za All Alaska Sweepstakes, maili 408, kwenda na kurudi, kwa saa 74 na dakika 14, na rekodi ile ilikuja kuvunjwa mwaka 2008! Sasa piga hesabu, ni chini ya kilomita 9 kwa saa ukijumlisha na mapumziko. Hiyo ndiyo spidi iliyowanyamazisha waliocheka.

mkimbiaji_alfajiri (Colorado, Marekani)

Naongezea hapo kwa sababu kuna kitu watu wanachanganya kila siku. Mbwa wengi unaowaona Iditarod, zile mbio za maili elfu moja za Alaska, sio hawa wa Siberia wenye sura nzuri na macho ya bluu, ni husky wa Alaska, na huyo sio wa asili moja, ni mchanganyiko uliochaguliwa kwa miguu na moyo tu, ndani yake kuna damu ya pointer, wengine greyhound, manyoya mepesi, miguu mirefu. Ile rekodi ya Mitch Seavey ya 2017, siku 8 na saa 3 na kitu, ni ya mbwa hao. Halafu kuna mbio fupi kama Fur Rondy pale Anchorage, maili 25 kila siku kwa siku tatu, wazuri wanamaliza siku moja kwa kama saa moja na nusu. Maili 25 ni kilomita 40, karibu marathoni nzima! Marehemu Kiptum wetu aliikimbia marathoni kwa 2:00:35 Chicago mwaka 2023 na dunia nzima ikasimama, sasa hawa wanakwenda kasi kuliko hiyo na nyuma yao kuna sleji na mtu amesimama juu yake. Kupitisha oksijeni mwilini wanamzidi mwanariadha bora wa binadamu zaidi ya mara mbili, sisi hatuna hata pa kuanzia kubishana nao.

Lakini bro usione hivyo ukadhani Simba hana kitu. Wa Siberia walishika mbio za Alaska zamani, Leonhard Seppala alishinda Sweepstakes 1915, 16 na 17 mfululizo na mbwa hawa, na mwaka 1925 dondakoo ilipoingia Nome ni yeye na mbwa wake Togo waliobeba dawa kipande kirefu na cha hatari kuliko wote, watu wanamkumbuka Balto kwa sababu ndiye aliyeingia nayo mjini, ila kwangu mimi Togo ndiye mwenye sifa yake. Hiyo damu ndiyo ipo sebuleni kwako. Kinachokosekana ni mazoezi tu.

Mimi nakimbia na jike wangu asubuhi, yeye mbele kwenye mikanda, mimi nimevaa mkanda kiunoni, katikati kuna kamba yenye mpira ndani ili akishtuka asinivunje mgongo. Kwenye tambarare naongeza spidi ambayo peke yangu siipati, mlimani ndio raha zaidi. Anza na hii kabla ya baiskeli, utamjua mbwa wako na yeye atakujua.

dkt_wa_wanyama (Arusha)

Samahani naingilia kwa ajili ya mwana_duluth na pia kwa wanaosoma wakiwa huku nyumbani, maana siku hizi husky wapo Nairobi, wapo Dar, na wenye nao wakiona video za Alaska wanataka kujaribu.

Kinachoamua husky akimbie umbali gani ni joto kwanza, misuli baadaye. Mbwa hatoi jasho kama sisi, anapoza mwili kwa kuhema, na huyu amevaa manyoya ya tabaka mbili. Akivuta, misuli inazalisha joto jingi sana, kukiwa baridi kali linatoka, kukiwa nyuzi 25 linabaki ndani. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 na ushee, likivuka 41 hapo ni dharura, anaweza kufa mikononi mwako. Wanaofanya mchezo huu wengi hawamfungi mbwa kuvuta hewa ikipita nyuzi 15 hivi, na kukiwa na unyevu wanapunguza zaidi. Kwa hiyo ndugu zangu wa Dar, nawaomba sana, mbwa wenu mtembezeni alfajiri, kuvuta mwacheni, na manyoya msimnyoe kipara mkidhani mnamsaidia.

Dalili angalia ulimi. Ukiwa umetoka kiasi na unarudi ndani akipumzika, sawa. Ukiona umetanuka mpana, ncha imejikunja, mate mazito, kamba inaanza kulegea, simama hapohapo, kivuli, maji ya kawaida mwili mzima kuanzia tumboni na mapajani, na upepo. Usisubiri mpaka ayumbe.

La pili, umri. Miaka miwili ni sawa, lakini wenye watoto wa mbwa wasubiri mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu, ncha za mifupa hazijafunga, mzigo wa mapema unamharibia viungo. Simba mpeleke akapimwe moyo na nyonga kwanza. Na chakula kingi asipewe muda mfupi kabla ya kazi, maji ndio umpe, saa moja au mbili kabla, ukitia supu kidogo ya nyama atayanywa yote.

mwana_duluth

Aisee asanteni sana, sikutegemea majibu ya hivi. Dokta nimekuelewa, wiki hii naenda kumpima. kambi_ya_mbwa umejibu spidi ila uzito bado, anavuta kiasi gani? Na hili la bega, nikimfundisha kuvuta si ndio itakuwa mbaya zaidi kwenye kutembea?

kambi_ya_mbwa

Uzito hauna namba moja mkuu. Kwenye theluji ngumu au magurudumu mazuri mbwa wa kilo 24 anaweza kusogeza mtu mzima tambarare, hilo halina shida, lakini kusogeza sio kukimbia nacho kilomita kumi. Mzigo mzito wa mwendo wa polepole ni kazi ya malamute, aina nyingine ya mbwa wa kuvuta sleji, yule ni mkubwa na kaumbwa kwa hilo. Kwa mbwa mmoja kama wako ichukulie hivi, yeye anakusaidia, hakubebi. Kwenye baiskeli unakanyaga pedali, mlimani unakanyaga zaidi. Ukiona ameacha mchakamchaka ameanza kutembea, mzigo umemzidi.

La bega, hapana, ni kinyume chake. Mbwa anaelewa haraka sana vazi gani ni la nini. Kola shingoni maana yake tunatembea kamba ikiwa imelegea, mikanda ya kuvuta maana yake kazi. Usichanganye hata siku moja. Na hiyo mikanda iwe ya kuvutia kweli, inayofika mpaka karibu na mkia na kamba inafungwa huko nyuma, sio hii ya kutembezea inayokatiza mabega. Ukimvisha pitisha vidole viwili chini ya mkanda shingoni, kisha sukuma mkono kwapani kwake, kukiwa kunabana patachubuka siku ya kwanza tu. Anza naye akivuta kitu chepesi, tairi dogo, azoee sauti ya kitu kinachomfuata nyuma, umbali mfupi, umalize akiwa bado anataka. Maneno yako ya twende, kulia, kushoto, simama mfundishe mkiwa mnatembea kwa miguu kabla hajawa na spidi.

Baiskeli usifunge kamba kwenye usukani, tafuta ule mkono wa chuma unaoshikilia kamba mbali na tairi la mbele, na ujue mita mia mbili za kwanza ndio za hatari, hapo anatoka na nguvu zote, vidole viwe kwenye breki na kofia ngumu kichwani. Njia ya udongo, lami inakula nyayo.

Sleji ya watoto ya plastiki sikushauri kabisa ukiwa na mteremko, haina breki, itamfuata mbwa na kumgonga miguu ya nyuma, na akishagongwa mara moja anaweza asivute tena maisha yake. Ukitaka watoto wapande, iwe tambarare, mtoto mmoja mmoja, wewe ukimbie nyuma umeshika kamba ya sleji kama breki, na mtu mwingine awe mbele na mbwa.

mkimbiaji_alfajiri

Na ukiwa hapo Duluth januari usikose mbio za Beargrease, zimepewa jina la John Beargrease aliyekuwa akipeleka barua kwa mbwa kando ya Ziwa Superior karne ya 19. Nenda pale wanapoanzia, ongea na wenye mbwa, wengi watafurahi kukuonyesha mikanda inavyofungwa. Simba mwache nyumbani lakini, akisikia zile kelele za mwanzo wa mbio hutamshika.