Nimependekezwa kuwa msimamizi wa laini: nisomee usimamizi kwanza, au ufundi wa mashine?

Mshonaji wa Athi River

Ndugu zangu, nafanya kazi katika kiwanda cha nguo za kuuza nje kilichomo eneo la EPZ (eneo maalumu la viwanda vya kuuza nje), Athi River, na mwaka huu natimiza mwaka wa sita. Nilianza nikiwa msaidizi wa kukata nyuzi, nikapelekwa kwenye ovaloki, yaani mashine ya kushona kingo, na kwa miaka mitatu sasa naunganisha kola za fulana, kazi ambayo wengi huikwepa. Sina cheti chochote cha ufundi isipokuwa kile cha kidato cha nne.

Wiki iliyopita meneja wa uzalishaji aliniita akaniambia kwamba msimamizi wa laini yetu, yaani safu ya washonaji tunaopokezana nguo hatua kwa hatua, anahama na kwamba jina langu limependekezwa. Nilifurahi, lakini usiku sikulala. Msimamizi huyo alikuwa mshonaji hodari kuliko sisi sote kabla ya kukabidhiwa laini. Baada ya hapo tulimjua kwa sauti yake tu. Tageti ya saa, yaani idadi ya nguo tunazotakiwa kutoa kwa saa, isipotimia alifokea wasaidizi, na jioni tulibaki kufidia. Sitaki kuwa hivyo, lakini hakuna mtu aliyewahi kunifundisha njia nyingine.

Nina akiba kidogo na siku ya Jumapili. Je, nianze na kozi ya usimamizi, au nisomee ufundi wa cherehani za viwandani, kwa kuwa naona mafundi wanaheshimiwa na hawakosi kazi? Na huu ujuzi wa miaka sita, unaweza kutambuliwa bila mimi kurudi darasani kuanza mwanzo?

Bi. Msimamizi Mstaafu, Nairobi

Dada, hongera. Nilisimamia laini kwa miaka kumi na moja, na jambo ambalo ningependa kuambiwa siku ya kwanza ni hili: kushona na kusimamia ni kazi mbili tofauti. Mikono yako imekufundisha hatua moja kwa undani sana, ilhali msimamizi hulipwa kwa kuona jinsi hatua zote zinavyopokezana.

Chukua mfano wa fulana ya kola ambayo muda wake wa kawaida uliopimwa, ukijumlisha hatua zote za fulana moja, ni dakika 12, nawe una washonaji 30 wanaofanya kazi dakika 480 kwa siku. Ukizidisha unapata dakika 14,400, na ukigawa kwa 12 unapata fulana 1,200. Hicho ndicho kiwango cha asilimia 100. Laini ikitoa fulana 660, ufanisi wake ni asilimia 55. Msimamizi asiyejua hesabu hii huona 660 akadhani watu ni wavivu. Anayeijua hujiuliza swali lingine: zile dakika nyingine zimepotelea wapi?

Sasa gawa dakika 12 kwa watu 30. Kila hatua inapaswa kuchukua takriban sekunde 24. Shika saa, simama nyuma ya kila mshonaji, pima mizunguko kumi (mzunguko mmoja ni kumaliza kipande kimoja), kisha andika wastani. Ukikuta kuunganisha kola kunachukua sekunde 36, basi hatua hiyo haiwezi kupitisha zaidi ya fulana 100 kwa saa, hata kama wengine wote wanashona kama upepo, na vifurushi vitarundikana mbele ya mtu mmoja huku walio baada yake wakisubiri. Kumfokea msaidizi aliye mwisho wa laini hakuwezi kuondoa rundo hilo. Linaondolewa kwa kumwongezea mtu wa kola mwenzake, kwa kumpunguzia kazi ndogo kama ya kukata uzi, au kwa kumhamishia hapo mshonaji wa hatua nyepesi ambaye ulimfundisha kola mapema. Ndiyo maana msimamizi mzuri huwa na jedwali la ujuzi linaloonyesha nani anaweza hatua zipi, na hulijaza kabla ya siku ambayo mtu ataugua.

Kwa hiyo unapotafuta kozi, usivutiwe na jina la cheti. Uliza kama wanafundisha kupima muda, kusawazisha laini, kukagua ubora ndani ya laini na kuzungumza na watu. Kozi ya darasani tupu, isiyo na saa mkononi wala laini ya kujifunzia, itakuacha pale pale.

Kuhusu sauti, nakueleza kwa uzito. Mpango wa Better Work wa Shirika la Kazi Duniani na IFC, tawi la Benki ya Dunia, ulipofuatilia mafunzo yake ya wasimamizi, uliona kwamba laini za wasimamizi wanawake waliofundishwa ziliongeza tija kwa asilimia 22. Mimi sishangai. Mshonaji anayeogopa huficha kosa, na kosa lililofichwa kwenye kola hugunduliwa baada ya kupiga pasi, wakati fulana 200 zimeshapita.

Fundi Mitambo wa Changamwe

Namheshimu Bi. Msimamizi, ila ningemshauri dada aanze na mashine. Mara nyingi nimeitwa kwenye laini kwa kuwa cherehani "imekufa", nikakuta sindano imewekwa kinyume, au mtu anashona kitambaa cha fulana kwa sindano yenye ncha kali badala ya ile ya ncha mviringo, kitambaa kikatoboka. Ukiwa na hatua inayobana laini nzima, inayochukua sekunde 24 kwa kila nguo, mashine yake ikisimama dakika 20 umepoteza nguo 50 ambazo hazitarudi siku hiyo.

Msimamizi anapaswa angalau kutofautisha mshono unaoruka kwa sababu ya sindano na ule unaoruka kwa sababu ndoano ya chini inayokamata uzi haiendi tena sambamba na sindano. Hilo la kwanza alitatue mwenyewe kwa dakika moja. La pili aniite mimi. Ajue pia mkazo wa uzi, urefu wa meno yanayosukuma kitambaa, na utaratibu wa sindano iliyovunjika: vipande vyote vitafutwe na kukabidhiwa kabla ya kupewa mpya, kwa maana kipande kikibaki ndani ya nguo ya mtoto huko inakokwenda, hilo ni jeraha la mtu.

Ufundi kamili ni njia nzuri pia, na ningefurahi kuona wanawake wengi zaidi wakiushika. Lakini mashine za siku hizi zina mota na bodi za kielektroniki, kwa hiyo jiandae kujifunza umeme.

Mwalimu wa Ushonaji, Morogoro

Nakubaliana na fundi kuhusu sindano, lakini si kuhusu mpangilio. Dada ameitwa kusimamia sasa, na nafasi kama hiyo haisubiri miaka miwili. Achukue kwanza kile kitakachomsaidia mwezi ujao, yaani saa, jedwali la ujuzi na lugha ya kazi, kisha ufundi wa mashine aujifunze kidogo kidogo kutoka kwa mafundi wake.

Kuhusu kutambuliwa kwa ujuzi: huku Tanzania VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo mtu hupimwa kwa kile anachoweza kufanya na kuzibwa mapengo anayobaki nayo. Kwenu Kenya ipo mitihani ya daraja ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kuanzia daraja la III hadi la I, na mshonaji mwenye uzoefu anaweza kuifanya bila kurudi mwanzo. NITA ina pia taasisi ya mafunzo ya nguo jijini Nairobi. Nenda ukaulize wana kozi zipi kwa walio kazini.

Jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui: waajiri nchini Kenya hutozwa ushuru wa mafunzo ya viwandani wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na mwajiri aliyeidhinishiwa mafunzo na NITA kabla hayajafanyika anaweza kurejeshewa gharama. Kabla hujagusa akiba yako, muulize ofisa wa rasilimali watu kama kiwanda kinaweza kukulipia kwa njia hiyo.

Na kozi yoyote utakayoichukua, isikose sehemu ya sheria. Msimamizi ndiye anayeamua nani atabaki jioni, nani ataruhusiwa kwenda kliniki na nani atahamishiwa mashine ngumu, na mamlaka hayo yamewahi kutumiwa kuwadhulumu wasichana. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera kuhusu unyanyasaji wa kingono. Iombe, uisome, na uwaeleze watu wako siku ya kwanza.

Mshonaji wa Athi River

Asanteni sana. Leo wakati wa mapumziko niliazima simu yenye saa nikapima hatua yangu mwenyewe: wastani wa mizunguko kumi ni sekunde 33. Kumbe rundo lililokuwa likimfanya msimamizi afoke lilikuwa mbele yangu. Bi. Msimamizi, mimi nikiondoka kwenye kola, nani ataishika?

Bi. Msimamizi Mstaafu, Nairobi

Hilo ndilo la kumweleza meneja kabla hujakubali. Omba wiki mbili za kufundisha watu wawili, na usichague wenye kasi tu. Mmoja wao awe yule msaidizi anayepanga vipande vyako vizuri, kwa kuwa tayari anaijua kola kwa macho. Wapime kila jioni, uwaonyeshe namba zao wenyewe bila kuwalinganisha mbele ya watu. Wakifika sekunde 40 na mshono ukiwa safi, wewe chukua laini, kwa maana wawili wa sekunde 40 wanatoa kola moja kila sekunde 20.