Mkaa wa magunzi umetugomea, kijijini tutumie nini badala ya mkaa wa miti?

Bwana Magunzi: Wakuu habari zenu. Kikundi chetu tumejaribu mkaa mbadala wa magunzi ya mahindi maana miti imeisha na kuni ni mwendo wa nusu siku. Tumechoma kwenye pipa tukatwanga tukachanganya na udongo wa mfinyanzi tukafinyanga vidonge kwa mkono, sasa vinafuka moshi halafu jiko linajaa majivu, akina mama wamerudi kwenye kuni na wanatucheka. Gesi ya mtungi msiniambie, hata ukipewa bure wa kwanza, kuujaza tena nani atalipa? Tunakosea wapi?

Fundi Pipa: Mkuu hayo majivu ni udongo wako, udongo hauungui. Badala yake pika uji wa unga wa muhogo uwe gundi, nusu kilo ya unga inatosha vumbi la mkaa kilo 10 hivi. Moshi nao ni magunzi hayajaiva au vidonge vibichi. Kabla ya kutwanga vunja gunzi, likiwa jeusi tii mpaka ndani sawa, likiwa kahawia rudisha. Na pipani usizibe wakati moshi ni mweupe mzito, subiri uwe mwembamba ndo ufunike uzibe kila tundu, hewa ikiingia unakuta majivu matupu. Vidonge navyo ukishafinyanga anika siku 3 mpaka 5 za jua kali.

Mama Kapu: Unga wa kula ndo mfanyie gundi jamani? Chemsheni maganda ya muhogo, yana wanga pia. Halafu huo mkaa wa miti wengi vijijini tunauchoma tu, unaenda mjini, na tanuru la udongo linakula kuni kilo 5 mpaka 10 kupata mkaa kilo 1. Mimi nilianza na kupunguza muda wa kuwasha moto. Maharage yanalala kwenye maji, asubuhi nayachemsha kama dakika 20 yatokote kweli kweli, sufuria naifunika naizamisha kwenye kapu la matambara na blanketi la zamani, nikirudi shamba yanamalizikia humo humo. Ila ukifunua kuchungulia umeharibu.

Zizi Tupu: Bayogesi je, ile gesi ya samadi?

Mama Kapu: Nzuri kwa mwenye ng'ombe wawili wanaolala zizini na maji karibu, samadi ndoo maji ndoo, kila siku. Mwenye mbuzi watatu aachane nayo.

Bwana Magunzi: Nimevunja gunzi lililobaki kwenye gunia, katikati kahawia kama biskuti 😂 Kesho tunachoma upya, akina mama siwaambii kwanza.