Msaada: saa ya marehemu babu, laki na nusu kuitengeneza ni halali?

Mpenda Urojo
Wakuu salaam. Nina saa ya mkono niliyoachiwa na marehemu babu, ya zamani sana, ya chuma, cheni yake imelegea. Ukiitikisa inatembea, baadaye inalala. Kioo kina michubuko hadi dakika huzioni. Tarehe ndiyo kabisa, imekwama: nakivuta nusu kile kidude cha kujazia, nakizungusha, wapi! Uso umegeuka rangi ya chai. Fundi mmoja hapa mjini anasema ataosha mashine, atapiga polishi bodi na kuupaka uso rangi upya, laki na nusu. Naombeni ushauri: bei ni halali au napigwa? Na uso nichague mweupe au wa bluu? Sitaki kejeli.

Kisoda
Bluu. Inakaa vizuri na kanzu.

Baba Watatu
Laki na nusu unapata mpya Kariakoo, inakuhesabia hatua na mapigo ya moyo. Ya babu muachie babu.

Mzee wa Pangani
Msimcheke kijana. Mimi nina Seiko 5 ya baba yangu, naivaa mpaka kesho. Mgongoni namba ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi. Yangu inaanza na 34, mashine ni 6119, basi ni ya Aprili 1973. Baba aliinunua kwa pesa za mkonge, na siku aliyokuja nayo nyumbani mama hakumsemesha wiki nzima maana tulikuwa tunadaiwa ada. Sasa mama ndiye anayeniuliza kila nikienda, "ile saa bado unayo?" Tengeneza, kijana. Pesa inatafutwa.

Fundi Mstaafu
Kabla ya bei: usoni imeandikwa nini? Na picha iko wapi?

Mpenda Urojo
Jina sitaki kuliweka hadharani, mambo ya usalama. Ni ya Uswisi, nadhani inatosha. Picha simu inasumbua.

Kisoda
Mficha uchi hazai.

Fundi Mstaafu
Haitoshi, ndugu. Unaniuliza dawa huku umeficha unapoumwa.

Mpenda Urojo
Haya. Ni Rolex. Chekeni mmalize. Chini kabisa usoni kuna T SWISS T. Halafu juu kidogo ya hapo kuna nembo nyekundu, ndogo, jambia na panga mbili zimepishana. Fundi anasema hiyo mtu aliichora baadaye, haikutoka kiwandani, ataifuta akipaka rangi.

Fundi Mstaafu
Mwambie asimame hapo hapo, asiguse kitu!

Jambia na panga mbili ni nembo ya Oman. Miaka ya 1970 Sultani Qaboos aliagiza saa za namna hiyo, nyingi zikipitia duka la Asprey la London, akawa anawapa watu zawadi. Wazungu waliopigana upande wake vita vya Dhofar, kusini mwa Oman, nao walipata. Leo watu wanazigombania minadani, na wanachogombania ni huo uso wenye nembo. Ukishafutwa, unabaki na Rolex ya kawaida iliyopakwa rangi mtaani. Polishi nayo usikubali, inakula kingo za bodi na watu wa saa wanaliona hilo kwa jicho tupu.

Lakini usianze kusherehekea. Nembo za kughushi zimejaa, kuna watu kazi yao ni kupaka nyuso. Chukua lenzi, angalia maandishi: yakiwa yamevimba, au vistari vya dakika havijakaa sawa, ujue imepakwa. Hiyo T ni ya tritiamu, kitu cha kuwasha saa gizani, nguvu yake inapungua nusu kila miaka kama 12, kwa hiyo gizani isikuwakie. Ikiwaka sana, kuna mkono umepita.

Tarehe yako haijakwama. Nyingi za zamani hazina pozi la tarehe, unazungusha mishale mpaka ipite usiku wa manane, siku moja moja. Na kioo ni cha plastiki. Dawa ya meno na kitambaa laini, michubuko isiyo ya ndani inatoka.

Mpenda Urojo
Nashukuru mkuu, ila elewa, advansi nimeshatoa na saa iko kwake. Na mimi nataka kuivaa, siyo kuifungia kabatini. Ule uso ulivyo, nikikaa na watu naona aibu. Fundi ni mtu mzuri, kaniambia nikikosa hela ya kumalizia yeye ataichukua kwa laki nne. Babu alikuwa dereva Muscat, bibi anasema alipewa zawadi na Sultani Qaboos mwenyewe mwaka 1968.

Baba Watatu
Fundi anataka kumnunua mgonjwa wake 😂😂

Jicho la Tatu
Wakuu, hamjaona kitu hapa? Qaboos kakamata nchi Julai 1970. Mwaka 1968 Sultani ni baba yake, Said bin Taimur. Huyu amejiunga wiki hii, simu "inasumbua", jina alilificha kwanza halafu nembo ikaja mwishoni kama pilipili ya urojo. Ni dalali anaitengenezea historia saa feki. Uso rangi ya chai, na habari yenyewe ni chai.

Kisoda
Nilishatoa ushauri wa rangi bure.

Jicho la Tatu
Kama si chai, atoe cheni. Rolex za enzi hizo namba ziko ubavuni, pale cheni inaposhikia bodi. Upande wa 12 ni ya modeli, upande wa 6 ni ya saa yenyewe.

Mpenda Urojo
Nimetukanwa vya kutosha. Bibi hahesabu miaka, anahesabu mimba. Amesema ni mwaka aliozaliwa baba mdogo, mimi ndiye niliyeandika 1968. Baba mdogo ni wa 1972. Na saa nimeichukua kwa fundi leo, advansi kakataa kurudisha. Upande wa 12 kuna 1601. Upande wa 6 inaanza na milioni tatu na kitu. Nembo ipo. Picha usiku, bando limekata.

Fundi Mstaafu
1601 ni Datejust. Milioni tatu na kitu ni mwanzo wa miaka ya 1970, inaelekea. Hilo ni bodi tu, uso bado hatujauona.

Mama Salha
Mwanangu, samahani nakuingilia. Kumbe kuna baba mdogo? Yuko hai?

Mpenda Urojo
Yupo, anakaa Ruwi, Muscat.

Mama Salha
Na mirathi imeshagawiwa? Maana mjukuu hana fungu ikiwa marehemu kaacha mtoto wa kiume. Labda kwa wasia, na wasia hauvuki theluthi. Bibi naye ana thumuni yake humo.

Mpenda Urojo
Haikuwa mirathi. Babu alinivalisha kwa mkono wake mwenyewe, bibi yuko pale anaona.

Mama Salha
Akiwa mzima, au akiwa kwenye maradhi yale aliyofia? Kama ni kwenye maradhi, inahesabiwa wasia.

Mpenda Urojo
Mama, mimi nilileta swali la fundi.

Mzee wa Pangani
Kijana, jibu mama.

Mpenda Urojo
Alikuwa hospitali. Lakini akili zake timamu, alitania mpaka manesi. Na baba mdogo hajawahi hata kuiulizia hiyo saa.

Mama Salha
Hajaiulizia kwa sababu anadhani ni saa mbovu. Mpigie leo. Wao wametuzidi saa moja tu, hajalala.

Mpenda Urojo
Nitampigia, wallahi. Ila kwanza mkuu Fundi, ikiwa uso ni wenyewe, inaweza kufika kama shilingi ngapi?

Jicho la Tatu
Mmesikia?