Dawa za sukari za magome: wauzaji waachwe au wafukuzwe?

Mtoto wa Kirumba: Wadau, jana stendi ya Buhongwa nimekuta jamaa na spika yake anauza unga wa magome kwenye chupa za maji, eti sukari inaisha siku 7. Mama mmoja kachukua chupa 2 huku anasema sindano za insulini basi tena. Mi nasema hawa wafukuzwe, nyie?

Ngosha wa Magu: Mnadharau magome na vidonge vyenu vimetoka hukohuko. Floraizini ilipatikana 1835 kwenye gome la mzizi wa mti wa epo, wazungu wakajua ni ya homa kwa vile chungu kama kwinini. 1886 Mjerumani von Mering kawapa mbwa, wakaanza kukojoa sukari!! Dapagliflozini, kidonge cha sukari anachoandikiwa mzee wako leo, ni mjukuu wa hilo gome, kanusheni.

Nesi Nyamagana: Kaka Ngosha umesimulia nusu. Floraizini ukiimeza utumbo unaivunjavunja na tumbo linaendesha, haikuwahi kuwa dawa ya sukari. Wamekaa nayo mpaka wakapata hiyo dapagliflozini inayoziba mlango mmoja wa figo, ule unaorudisha sukari kwenye damu, Ulaya wakairuhusu 2012. Hesabu miaka hapo. Na hata hiyo tunaangalia fangasi sehemu za siri. Halafu nyie Wasukuma viazi vikavu, michembe asubuhi michembe jioni, mnategemea nini?

Ngosha wa Magu: Michembe imeingiaje?? Babu kaila mpaka anazikwa hajawahi kupimwa sukari

Nesi Nyamagana: Si umesema mwenyewe, hajawahi kupimwa 😂

Ngosha wa Magu: Usinichekee marehemu dada.

Binti Sengerema: Nesi nae anachanganya, michembe viazi vinakatwa vinaanikwa vibichi, vya kuchemshwa kwanza ndo matobolwa. Na havitiwi sukari, we chai yako vijiko vingapi?

Nesi Nyamagana: Viwili.

Binti Sengerema: Vya chai au vya kupakulia?

Mtoto wa Kirumba: Jamani yule mama wa insulini

Nesi Nyamagana: Kama unamfahamu mpeleke kliniki leo leo, insulini haiachwi kienyeji, watu wanaletwa wanahema kama wamekimbia na hawajitambui.

Ngosha wa Magu: Kwanza omba radhi ya michembe

Kijana wa Mwaloni: Binti Sengerema, debe la matobolwa huko sh ngapi? Nipo serious